Mkono wa Binti na Ardhi ya Mji

Maisha ya mchezaji yana sharti moja ambalo kazi nyingine za binadamu hazina, nalo ni kwamba hufika kileleni mapema mno, kabla mwenyewe hajaota mvi hata moja, kisha humwachia miaka mingi ya kuishi baada ya sifa kwisha kupita. Mwalimu, tabibu, fundi wa majahazi na hakimu huzidishiwa heshima na umri. Mchezaji umri humpunguzia. Na ikiwa sharti hilo ni zito kwa mwanamume, kwa mwanamke ni zito maradufu, madhali miaka ile ile ambayo mwili wake unaweza ushindi ndiyo ambayo jamaa na majirani humtazamia ndoa, uzazi na malezi. Na siku atakapotundika raketi yake au mkuki wake, aghalabu hapana klabu ya kumwajiri awe mwalimu, wala gazeti la kumwuliza hali.

Ninalo neno moja la kusema juu ya wanawake hawa, nami nitalisema tangu sasa ili msomaji asipate taabu ya kulitafuta. Husemwa kwamba mchezaji huanza kwa kipaji na kumalizika kwa kustaafu. Mimi naona kwamba huanza kwa ardhi: kipande kidogo cha ardhi iliyo wazi, karibu na nyumbani, mahali ambapo binti anaweza kwenda na kurudi kabla ya magharibi bila mzazi kuingiwa na hofu. Na pale kipande hicho kinapokuwapo, kustaafu kwake hakuwi mwisho, kwa kuwa anapo mahali pa kurejea na kuwapa wengine alichokipata. Kipande hicho kikikosekana, kipaji huzaliwa na kufa katika mwili ule ule, na hapana ajuaye.

Hebu tumtazame bingwa wa tenisi Althea Gibson, ambaye habari zake ni kioo cha wanawake wengi waliomfuata. Alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 katika kijiji cha Silver, jimbo la South Carolina nchini Marekani, katika nyumba ya wakulima waliolima pamba katika shamba lisilo lao na kugawana mavuno na mwenyewe. Angali mtoto mdogo, wazazi wake walihamia Harlem, mji wa watu weusi ndani ya New York, wakapata makazi katika mtaa wa 143. Sasa, mtaa huo ulikuwa na jambo lililoamua majaliwa yake kuliko jambo lingine lolote: chama cha michezo cha polisi wa mji kiliufunga mchana, magari yasipite, ili watoto wapate kucheza. Palichorwa mistari juu ya lami, pakachezwa mchezo wa vibao vya mti ambao ni ndugu mdogo wa tenisi, na kiwanja kimojawapo kilikuwa mbele ya mlango wa kina Gibson. Mtoto hakutafuta mchezo; mchezo ulimkuta kizingitini. Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 12, alikuwa bingwa wa wanawake wa mji mzima katika mchezo huo wa vibao.

Mwanamuziki mmoja aliyesimamia watoto mtaani, Buddy Walker, alimwona, akamnunulia raketi kuukuu na kumwambia aupige mpira ukutani. Kisha majirani wakachangishana, senti juu ya senti, wakamlipia ada ya kuingia katika klabu ya tenisi ya watu weusi. Baadaye, kuanzia mwaka 1946, matabibu wawili weusi wa kusini, Hubert Eaton na Robert Walter Johnson, walimpokea majumbani mwao kama mtoto wao, wakamsomesha na kumfunza. Na sababu iliyowawezesha ni kwamba kila mmoja wao alikuwa amejenga kiwanja cha tenisi katika ua wa nyumba yake, maana viwanja vya mji vilikuwa haramu kwa rangi yao. Tazama, basi, safari ile: mtaa uliofungwa, ukuta, klabu iliyolipiwa kwa mchango, na ua wa tabibu. Hapana hatua hata moja ambayo haikusimama juu ya ardhi ambayo mtu fulani, kwa hiari yake, aliitenga kwa ajili ya mchezo.

Mengine yanajulikana, na nitayapitia upesi. Mwaka 1950, baada ya bingwa wa zamani Alice Marble kuandika waraka wa kuwaaibisha wakuu wa tenisi wa Marekani kwa ubaguzi wao, Althea aliruhusiwa kuingia katika mashindano ya taifa, mtu mweusi wa kwanza kupata idhini hiyo. Mwaka 1956 alitwaa taji la Ufaransa. Mwaka 1957 alishinda Wimbledon na kupokea tuzo mkononi mwa Malkia Elizabeth, New York ikamwandalia maandamano ya heshima katika njia kuu, na mwaka ule ule akashinda taji la Marekani; mwaka 1958 akayarudia yote mawili. Kisha, akiwa na umri wa miaka 31, juu kabisa ya mchezo wake, akaacha.

Aliacha kwa sababu ya njaa, na hapa ndipo moyo wangu hukaa kila niyafikiripo maisha yake. Hadi mwaka 1968 mashindano makuu yote ya tenisi yalikuwa ya ridhaa: mshindi alipewa kikombe na makofi, wala hakupewa ijara. Mtu aliyezaliwa katika mali aliweza kuishi hivyo; binti wa mkulima wa pamba hakuweza. Akazunguka na timu ya mpira wa kikapu ya Harlem Globetrotters, akicheza tenisi ya maonyesho kabla ya mechi zao, akarekodi nyimbo, akaigiza katika filamu, na mwaka 1964, akiwa karibu na miaka 37, akaanza kutafuta riziki upya katika gofu ya kulipwa, mwanamke mweusi wa kwanza katika chama cha wanawake wa mchezo huo, na mara nyingine hakuruhusiwa kubadili nguo katika nyumba za klabu alizochezea. Alitumika pia katika kazi za serikali ya New Jersey za kusimamia michezo. Uzeeni maradhi yalimwandama, akiba ikaisha, na katika miaka ya 1990 aliyekuwa malkia wa Wimbledon hakuwa na fedha ya kodi wala ya dawa. Aliyemnusuru ni Angela Buxton, Mwingereza wa Kiyahudi aliyeshirikiana naye kutwaa taji la wawili wawili huko Wimbledon mwaka 1956, wakati ambao wengi hawakutaka kucheza na yeyote kati yao. Buxton alisababisha waraka uchapwe katika jarida la tenisi, na fedha zikaanza kumiminika kutoka pande zote za dunia, zikikaribia dola milioni moja. Althea Gibson alifariki tarehe 28 Septemba 2003. Sanamu yake ilisimamishwa New York mwaka 2019, na ni vema. Lakini sanamu hailipi kodi ya nyumba.

Baada yake wakaja wengine waliokuta mlango umefunguka. Serena Williams alijifunza katika viwanja vya umma vya Compton, vilivyokuwa na nyufa na vipande vya chupa, lakini vilikuwapo na havikudai ada; akashinda mataji makuu 23 ya mchezaji mmoja mmoja, na alipoaga mashindano mwezi Septemba 2022 hakuwa na haja ya kumpigia mtu simu kuomba kodi. Hata hivyo, hata yeye, mwenye mali nyingi, alieleza hadharani kwamba alichagua kati ya raketi na kuzaa mtoto wa pili, na kwamba mwanamume asingelazimika kuchagua. Hapa Afrika Mashariki tunalo jambo letu la kumkumbukia: mwaka 2008 alifika Makueni, nchini Kenya, kufungua shule ya sekondari aliyosaidia kuijenga, na miaka miwili baadaye akafungua nyingine katika wilaya hiyo hiyo. Aliyekulia juu ya kiwanja cha umma alijua kwamba watoto wa watu huhitaji kwanza mahali.

Na Kenya yenyewe imetupa ushahidi ulio karibu zaidi. Angella Okutoyi, aliyezaliwa Nairobi tarehe 29 Januari 2004, alilelewa na bibi yake pamoja na pacha wake, kwa kuwa mama yao alifariki katika uzazi wao. Bibi alikuwa mfanya usafi katika shule ya Loreto Convent iliyoko Valley Road, na makazi yake yalikuwa ndani ya eneo la shule, na shule ilikuwa na viwanja vya tenisi. Hiyo ndiyo siri yote. Angella alishika raketi akiwa na umri wa miaka minne. Mwezi Julai 2022, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa taji la wasichana wawili wawili huko Wimbledon, naye Angella akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji katika mashindano makuu. Na mwezi Machi 2024 akashinda dhahabu ya Michezo ya Afrika huko Accra. Mmoja wa wasichana wa Kanada walioshindwa katika fainali ile ya Wimbledon alikuwa Victoria Mboko, mwana wa wazazi waliotoka Kongo, ambaye mwaka 2025 alitwaa taji kubwa la Montreal. Damu za pande zetu, basi, zilikuwa pande zote mbili za wavu. Kilichotofautisha wasichana wale na mabinti wa Buza au wa Tandale, hapa Dar es Salaam, si damu.

Maana sisi Watanzania nasi tumekwisha kuwa na mkono wetu. Kuanzia tarehe 18 hadi 25 Julai 1965, nchi 30 za bara hili zilikutana Brazzaville kwa Michezo ya Afrika ya kwanza. Muungano wetu ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi michache, na Uhuru wa Tanganyika haujatimiza miaka minne. Katika mashindano ya kurusha mkuki kwa wanawake, Bi Theresia Dismas alipata medali ya fedha, naye ndiye anayehesabiwa kuwa Mtanzania wa kwanza kuiletea nchi hii medali ya kimataifa. Kabla ya Filbert Bayi kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Kabla ya medali za fedha za Bayi na Suleiman Nyambui katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Kabla ya hao wote ambao watoto wetu wanafunzwa majina yao, palikuwa na mkono wa mwanamke. Mwulize kijana yeyote wa Kinondoni Shamba au wa Mtoni kwa Azizi Ali ni nani aliyetangulia: wengi watakutajia mwanamume.

Tena zingatia ukatili wa kalenda. Michezo ya pili ilikusudiwa kufanyika Bamako mwaka 1969, lakini kwa sababu ya mapinduzi ya kijeshi ya Mali ya mwaka 1968 haikufanyika. Bara likangoja hadi Januari 1973, huko Lagos. Miaka saba na nusu si kitu katika historia ya taifa, lakini ni umri mzima wa mrushaji. Mwanamke aliyekuwa katika ubora wake mwaka 1965, akingoja Michezo hiyo ifunguliwe tena, alikuwa na kila sababu ya kukuta ujana umekwisha kumpa mkono wa kwaheri. Waliokuja baadaye, kina Nzaeli Kyomo na Mwinga Mwanjala walioshiriki mbio za Moscow mwaka 1980, nao walipewa muda mfupi wa kuonekana na muda mrefu wa kusahauliwa. Ndiyo maana nilifurahi sana mwezi Novemba 2017, wakati Baraza la Michezo la Taifa lilipoandaa hapa Dar es Salaam, kwa msaada wa shirika la Kijapani la JICA na bidii ya mkimbiaji mkongwe Juma Ikangaa, mashindano ya riadha ya wanawake peke yao. Lilikuwa jambo jema; lakini mashindano huvuna, hayapandi.

Kupanda ni kazi ya ardhi, na mji huu una historia yake ya ardhi. Waingereza walipoupanga waliutenga kwa rangi: Uzunguni penye upepo wa bahari, Uhindini pa maduka, na Waafrika Kariakoo na kwingineko, na tenisi ilikaa katika klabu ya Gymkhana, penye nyasi na kivuli, ambapo Mwafrika alipita aghalabu kwa mlango wa kazi, kufagia au kuokota mipira. Temeke, Magomeni na Kinondoni, vitongoji vilivyopimwa kwa ajili ya Waafrika katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, vilipata nyumba, soko, na hapa na pale kiwanja cha mpira wa miguu. Hakuna aliyewaza kwamba binti wa Temeke atahitaji wavu. Ubaguzi wa sheria ulikwisha, ramani ilibaki. Nasi tulipoishika ramani hiyo wenyewe, badala ya kuongeza maeneo ya wazi tuliyapunguza, kwa kibanda kimoja leo na ukuta wa mtu kesho, hata ikawa mitaa mizima ya Manzese, Keko na Mbagala haina mahali ambapo watoto kumi wanaweza kukimbia bila kugonga bodaboda.

Si kwamba hatuna viwanja. Temeke ndiyo yenye Uwanja wa Uhuru, pale bendera ya Tanganyika ilipopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, na kando yake umesimama ule mkubwa wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007, wenye viti 60,000. Upo Mwembe Yanga, na Kinondoni wanao Biafra na Leaders. Lakini uwanja wa viti 60,000 ni mahali pa kutazama, na kiwanja cha mchangani, jioni ikifika, ni milki ya vijana wa kiume na mechi zao za ndondo. Sina neno baya juu ya ndondo. Mwanasoka Mbwana Samatta alitoka Mbagala. Nauliza tu binti asimame wapi.

Binti husimama uchochoroni, akicheza rede. Pita Tandika au Mwananyamala saa kumi na moja ya jioni utawaona: wawili katika ncha mbili, mmoja katikati, na mpira wa soksi kuukuu uliokazwa kwa kamba. Wa pembeni hutupa kwa nguvu na shabaha. Wa katikati huinama, huruka, hujipinda, na kila apatapo nafasi huteka mchanga kuitia chupa iliyosimamishwa miguuni pake, kwani hana ushindi mpaka chupa ijae. Mtazame mtupaji: mguu wa mbele unavyotangulia, bega linavyorudi nyuma, kiwiko kinavyopanda juu ya sikio, na kifundo kinavyomalizia. Mwendo huo ndio wa mrusha mkuki, na ndio, karibu hatua kwa hatua, wa mchezaji wa tenisi anapoanzisha mpira. Na macho ya yule wa katikati, yanayosoma bega la adui kabla mpira haujatoka, ndiyo ambayo walimu wa tenisi wa Ulaya hulipwa fedha nyingi kuyafunza. Tunao, basi, wanafunzi wa darasa la kwanza kwa maelfu, waliojifundisha wenyewe bila mwalimu na bila bajeti, na darasa la pili halipo. Afikapo miaka kumi na mitatu au kumi na minne, uchochoro humwonea haya, jiko humwita, na mkono ule hurudi kuwa mkono wa kuchotea maji.

Wapo watakaosema kwamba tenisi ni anasa, na kwamba kata isiyo na zahanati ya kutosha haina haki ya kuota wavu. Nawaheshimu, lakini hesabu yao si sahihi. Kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 10.97; hata ukikiongezea nafasi ya kukimbilia, bado ni sehemu ndogo tu ya uwanja wa mpira wa miguu. Ukuta wa kujifunzia unahitaji ardhi ndogo zaidi ya hiyo: sakafu ya saruji, ukuta wa matofali uliopigwa lipu, na mstari wa rangi katika kimo cha wavu, ambacho katikati hakifiki mita moja. Kata nyingi zina shule ya msingi, na shule nyingi zina ukuta wa nyuma ambao hautumiki kwa lolote. Hakuna asemaye kila binti awe Okutoyi. Katika mtaa wa 143 walicheza watoto wengi, na bingwa wa dunia alitoka mmoja. Wale wengine walipata mchana wa furaha na mwili wenye afya, na hilo pekee lingetosha kuhalalisha gharama.

Tena ukuta huo utawapa kazi wale nilioanza nao. Katika mitaa yetu wapo wanawake waliowahi kuvaa rangi za taifa, katika riadha, katika netiboli, katika mpira wa miguu, ambao leo wanauza vitenge, wanachoma samaki, au wanalea wajukuu, na majirani hawajui kwamba mikono ile iliwahi kuinuliwa mbele ya halaiki ya mji wa kigeni. Hawahitaji sadaka. Elimu waliyonayo ya kupasha mwili moto, ya kupumzika, ya kushindwa kwa adabu na kushinda bila kiburi, haimo katika vitabu vyetu vya shule, na kila mwaka inazikwa pamoja na mwenyewe. Posho ndogo ya jioni tatu kwa wiki, chini ya mwembe, kando ya ukuta wa shule, ingeirithisha. Na mzazi anayesita kumtoa binti yake mbele ya mwalimu mwanamume asingesita mbele ya mama wa mtaa anayemfahamu kwa jina.

Nawaomba, kwa hiyo, madiwani wa Kinondoni na wa Temeke: kabla ya kuidhinisha tena kibanda juu ya eneo la wazi, pimeni kwanza kiwanja kimoja na ukuta mmoja katika kila kata, mviandike katika ramani, na saa za wasichana zitangazwe na zilindwe. Nawaomba walimu wakuu watoe kuta zao za nyuma. Nawe msomaji, ikiwa mtaani kwako yuko mama aliyewahi kuichezea nchi yake, mwendee wiki hii, umsalimu kwa jina lake, umwulize kama yu tayari kufundisha. Akikubali, fuatana naye hadi ofisi ya mwenyekiti wa mtaa, mkaombe mahali.